Wenye Ndoo, Wiki Hii

Kaka yangu Amuri alikuwa mtazama nyota wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge, na mtu akikuambia kwamba hakuijua kazi yake, mwambie mimi Kulthumu nimesema huo ni uongo. Aliijua vizuri sana. Ndiyo maana simsamehe.

Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, alitandika mkeka kwenye baraza la nyumba ya marehemu baba, akakaa upande wa kivuli, akawapa watu wiki yao. Hakuwa mtu wa hirizi wala mizimu, na ukimwita mganga alinuna. Yeye alikuwa mtu wa hesabu. Unachukua jina la mtu na jina la mama yake, unayaandika kwa herufi za Kiarabu, kila herufi na thamani yake, unajumlisha, unatoa kumi na mbili, unatoa tena kumi na mbili, mpaka usiweze kutoa. Kinachobaki ndiyo nyota yako, kuanzia Punda mpaka Samaki. Mama ndiye anayehesabiwa, baba hana nafasi. "Baba unaweza kudanganywa," alikuwa anasema Amuri, na sisi wanawake tuliojipanga ukutani tulicheka tukiwa tumejifunika midomo na kanga.

Alianza na Punda akateremka nyota moja moja. Wenye Kaa, matumbo, punguzeni mawese. Wenye Simba, mgeni anakuja na hana hata zawadi ya mtoto, mpokeeni hivyo hivyo. Wenye Mizani, msinunue kitanda wiki hii. Wavuvi walingoja neno lao kabla ya kushusha mitumbwi, wachuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kabla ya kupanda nao milimani. Wapo waliokuja kucheka tu, lakini hata hao walikaa mpaka nyota yao ipite, halafu ndiyo wakaondoka.

Mwaka wa uhuru, sherehe zikiwa bado zinanukia, mtu mmoja alimuuliza barazani, "Mwalimu Amuri, na hii Burundi mupya, nyota yake ni gani?"

Amuri alijikuna kidevu. "Muniambie kwanza mama yake ni nani."

Mtaa ulicheka wiki nzima. Nami nilijivuna, maana yule aliyewachekesha ni yaya wangu. Sisi watu wa ufuo huu kaka mkubwa tunamwita yaya, na yaya wangu ndiye aliyenilea baba alipofariki, akanisomesha juzuu, akanitafutia na mume.

Mume huyo aliitwa Sylvestre. Alikuwa mwalimu wa hesabu, Mhutu wa kule milimani Bugarama, mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya kubeba kuni. Aliletwa kufundisha mjini kwetu, akawa anapita barazani kila Ijumaa kusikiliza. Mwanzo alikuja kubishana. Ijumaa moja akarudi na kipande cha chaki, akapiga mahesabu ya Amuri upya sakafuni, akakuta yote ni sawasawa. Kuanzia siku hiyo walikuwa kitu kimoja. Amuri alimfundisha herufi, akamfundisha kusali, akamsilimisha, akampa jina Hamissi, na mwisho akampa mimi.

Kabla ya ndoa ilibidi nyota zipatane. Amuri akamuuliza jina la mama.

"Nyandwi," akasema. "Iko Bugarama, analima."

"Hapana," akasema Amuri. "Mutu akiingia dini na mama yake iko inje, tunamuhesabia Hawa, mama ya batu bote. Ni vile tunafanyaka."

Ndivyo ilivyokuwa desturi, sikatai. Akahesabu: Hamissi, mwana wa Hawa. Ikatoka Ndoo. Amuri akapiga mapaja yake kwa furaha. "Ndoo! Sawa na bibi yangu!" Maana Aziza, mke wake, alikuwa Ndoo, na mtaa wote ulilijua hilo kwa jinsi Amuri alivyokuwa anajisifu. Ndoo ni nyota ya mtu anayebeba maji ya wenzake, alisema, ukimpata wa Ndoo umepata nyumba. Basi nikaolewa na Ndoo, nikazaa naye watoto wawili, na kwa miaka kumi sikuona sababu ya kulalamika.

Halafu ukaja mwaka sabini na mbili.

Mwisho wa mwezi wa nne watu wenye mapanga, waasi wa Kihutu, walishuka mjini, wakaua. Wakaua wenzetu tuliokuwa tunasalimiana nao sokoni. Baada yao wakaja wanajeshi kuwatafuta wale wenye mapanga, na walipokosa kuwaona wakaanza kukusanya wasiokuwa nao. Wahutu waliosoma ndio waliotangulia: walimu, makarani, wauguzi. Mtu anaitwa mkutano, anavaa viatu, anaenda, haonekani tena. Nilikuwa nauza ndagala karibu na barabara, niliona malori yakipita. Sihitaji kuhadithiwa.

Nilimwambia Hamissi tuvuke. Ng'ambo ya ziwa, Ubwari, kulikuwa na wajomba zetu, ndiko alikotoka babu yetu. Mwanzo alisema hajafanya kosa lolote, alikuwa darasani. Nikamuuliza kama wale waliopakiwa kwenye malori walikuwa wapi kama si madarasani. Usiku ule hakula. Kesho yake akakubali. Nikaenda kwa Abasi, mwenye mtumbwi wenye mashine, akasema nafasi ipo, Jumamosi alfajiri, lakini ni mara ya mwisho, maana askari wameanza kuhesabu mitumbwi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo moyo wangu unapochemka. Kwetu mtu hasafiri bila kumuaga mkubwa wake. Alhamisi mchana nikaenda kwa yaya wangu, nikamkuta anakunywa chai, nikamwambia kila kitu: Abasi, Jumamosi, alfajiri, mimi na Hamissi na watoto. Sikumficha hata uzi. Ningemfichaje? Huyu ndiye aliyenifunga kilemba changu cha kwanza.

Akanishika mkono. "Umefanya vizuri kuniambia, mutoto wa mama. Nitaangalia siku kama iko nzuri."

Ijumaa baraza lilijaa kuliko kawaida. Watu walikuwa na hofu, na mwenye hofu anatafuta neno la kushika. Hamissi alikaa mbele pamoja na wanaume, mimi nilikuwa ukutani. Aziza hakuwapo. Amuri akaanza na Punda, akateremka taratibu. Wenye Mshale, safari yenu imefunguliwa, nendeni hata leo. Wenye Mbuzi, ngojeeni habari. Alipofika Ndoo akainua sauti.

"Benye Ndoo, hii wiki maji imewafungulia kinywa. Musiingie mu ziwa, hata kuoga. Mubaki kwa nyumba. Mukiitwa na bakubwa, muitike, ni heri yenu iko njiani."

Niliona mgongo wa Hamissi ukinyooka. Wengine wenye Ndoo walitikisa vichwa, wakaenda zao kuwaambia wake zao wafue nguo kisimani. Kwao lilikuwa neno la kufua nguo tu.

Jioni tuligombana, mimi na mume wangu, kwa mara ya kwanza watoto wakisikia. Mizigo ilikuwa tayari mlangoni. Nilimwambia mimi siogopi maji, nimezaliwa kando yake, na mtumbwi wa Abasi haujawahi kuzama.

"Shemeji amesema tubaki," akasema.

"Shemeji anasoma nyota. Mimi nasoma malori!"

"Kulthumu. Ule mutu hajanidanganya siku hata moja. Nimepiga hesabu yake miaka kumi, hakuna fasi amekosea."

Nikatafuta njia nyingine, nikaipata ndani ya hesabu hiyo hiyo. Nikachukua chaki yake, nikamwekea mkononi. "Basi piga tena. Lakini usipige na Hawa. Hawa hajakuzaa weye. Piga na Nyandwi."

Akaitazama chaki. Halafu akapiga magoti sakafuni, akaandika jina lake, akaandika jina la mama yake kwa herufi zetu, taratibu, akisita kwenye zile sauti ambazo herufi zetu hazina. Akajumlisha. Akatoa kumi na mbili, akatoa tena, akatoa tena. Nilikuwa nasoma chaki juu ya bega lake. Ikabaki Mshale.

Mshale! Safari imefunguliwa, nendeni hata leo! Nilipiga kigelegele kidogo, nikaanza kumvisha mtoto koti.

Hamissi akafuta kwa kiganja. "Hapana," akasema.

"Hapana nini? Umeona weye mwenyewe!"

"Nikichukua hii nyota, ni kusema kama hii miaka yote sikukuwa Hamissi. Ni kusema ndoa yetu walihesabia mutu mwingine. Shemeji amenihesabu mutoto wa Hawa mbele ya batu. Mi niko mutoto wa Hawa."

Nililia kwa hasira. Nilimwita mjinga, nilimwita na majina mengine ambayo sitayataja. Yeye alikuwa ananipangusa machozi kwa mkono wenye chaki, na alikuwa na amani usoni. Alikuwa ameingia kwetu mzima mzima, hakuacha mguu nje, na hakufikiri kwamba sisi tuliompokea tunaweza kuwa na mlango wa nyuma.

Amuri alipita kabla ya isha. Akaona mizigo, akaona macho yangu. Hamissi akamwambia tumeamua kubaki. "Vizuri," akasema Amuri. "Abasi nitamwambia mimi, musitoke." Akamkumbatia mume wangu. Kweli kabisa, alimkumbatia, na nilimwona akifumba macho.

Ningeweza kuvuka peke yangu na watoto. Nilibaki. Mume wangu alikuwa ndani ya nyumba, ningekwenda wapi?

Jumatatu waliwaita walimu wote kwenye mkutano. Hamissi alipiga pasi shati lake jeupe, akasema huenda ndiyo ile heri, huenda wanataka kufungua shule tena. Akamwinua Riziki, binti yetu mdogo, akamwuliza tisa mara saba. Mtoto akakosea. Akacheka, akamwambia atamuuliza tena akirudi. Mchana lori lilipita na turubai limefungwa, likaelekea kaskazini, njia ya Kabezi. Nililikimbilia mpaka viatu vikanitoka. Mtu mmoja ndani yake aliita jina la mke wake, lakini halikuwa jina langu.

Nilikwenda kwa Amuri nikapiga mlango. Alijibu kwa ndani kwamba anasali. Nikauliza Aziza yuko wapi, nilitaka mwanamke wa kukaa naye tu. Akasema amekwenda Gatete kumuuguza shangazi yetu.

Nilikaa nikingoja kwa muda ambao sikuuhesabu. Kisha jirani akaninong'oneza kwamba askari wameanza kuwaulizia na wake wa waliochukuliwa. Nikawachukua watoto kwa miguu mpaka Gatete, nikafikiri nitampata Aziza kule, tutavuka pamoja. Shangazi nilimkuta uani, mzima wa afya, anapepeta mchele na kuwatukana kuku. Hakuwa ameumwa hata mafua. Aziza hakuwa amemwona tangu Idi.

Mvuvi mmoja pale alitupakia, tukalala chini ya nyavu, tukafika Ubwari tumelowa mpaka kwenye mifupa. Na mtu wa kwanza niliyemwona nyumbani kwa mjomba, akitwanga mihogo, kanga yake kavu, watoto wake wamemzunguka, alikuwa Aziza.

Mchi ulimdondoka.

"Weye ni Ndoo," nikamwambia. Hata salamu sikutoa. "Maji haikukumeza?"

Akaanza kulia. Nikamwacha alie. Mjomba alitoka, akatuangalia, akarudi ndani.

"Nilikuja na Abasi," akasema mwishowe. "Ile Jumamosi. Amuri alikuja kuniamsha, akasema nafasi ziko. Nikamuuliza, si umesema jana kwa baraza Ndoo baogope maji? Akasema, ile neno haikukuwa yako. Ilikuwa ya Hamissi."

"Na hukuuliza kwa nini?"

"Niliuliza. Akasema panda."

Nafasi zile zilikuwa zetu. Nilizitafuta mimi, kwa miguu yangu na ulimi wangu. Watoto wake walikuwa wamekaa pale ambapo wangekaa wangu, na yeye mahali pa Hamissi. Aziza sikumpiga. Nilitaka kumpiga, lakini mwanangu Riziki alikuwa tayari anacheza na wanawe, nikakaa chini nikamsaidia kutwanga, maana watoto walikuwa na njaa.

Mvua zilipoanza tena, watu wa mtaa wetu wakaanza kurudi Rumonge, mmoja mmoja, na sisi tukarudi. Nyumba yangu ilikuwa imesimama. Vumbi la chaki sakafuni watu walikuwa wamelikanyaga mpaka limekwisha. Nilifagia, nikaoga, nikaenda kwa yaya wangu kwa adabu zote, nikavua viatu mlangoni.

Amuri alikuwa amekonda. Aziza alikuwa amekwisha kumwambia, kwa hiyo hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Baaskari bamekuja ile Alhamisi," akasema, "nyuma ya weye kutoka. Balisema, shemeji yako mwalimu akikosekana, tunaanza na hii nyumba. Kulthumu, mimi ningefanya nini?"

"Ungeniambia. Tungevuka bote, ile usiku."

"Nilifikiri bamuulize tu, bamuache."

"Ulifikiri. Basi Aziza ulimupeleka kwa nini? Ungemuacha na yeye, bamuulize tu."

 Alinyoosha mkono anishike, kama ile Alhamisi ya chai. Niliuacha mkono wake hewani, nikavaa viatu vyangu.

Nilijua watu wangenishauri ninyamaze. Ni kaka yako, wangesema, ndiye mkubwa wenu, na aliogopa kama sisi sote tulivyoogopa. Kweli aliogopa. Hata mimi niliogopa, na sikumuuza mtu. Na kilichoniuma zaidi si woga wake. Angekuja tu kumwambia Hamissi, "Wamenitisha, nisaidie," Hamissi mwenyewe angekwenda, ninavyomjua, ili nyumba yetu isiguswe. Angekwenda akijua. Amuri alimnyima hata hilo, akamfanya aende akitabasamu, na shati lenye pasi, akingoja heri.

Ijumaa ilipofika, mkeka ulitandikwa tena. Msinishangae kwamba watu walikwenda. Nusu ya mtaa walikuwa na mtu asiyerudi, walitaka kusikia kama wiki hii atarudi. Nilikaa ukutani na wanawake.

Amuri akaanza na Punda. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akateremka, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba. Hakutania mtu. Wenye Mshale aliwapitia haraka. Wenye Mbuzi aliwaambia wasubiri. Halafu akasema, "Benye Samaki..."

"Mwalimu," akaita mzee mmoja kutoka nyuma, "na sisi benye Ndoo?"

Amuri akatazama mkeka.

"Mwalimu, umeturuka."

Nikasimama. Mwanamke hasimami kwenye baraza lile, na mwenzangu alinivuta kanga nikae. Kanga ikabaki mkononi mwake.

"Benye Ndoo nitawaambia mimi," nikasema. "Mutu akiwaambia musiingie maji, mubaki kwa nyumba, mukiitwa muitike, musimuulize hesabu yake. Hesabu yake iko sawa. Mumuulize kwanza hivi: na weye, bibi yako na batoto bako, leo biko wapi?"

Aziza alikuwa mlangoni na birika la chai. Watu waligeuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama, kisha wakamtazama Amuri. Waliokuwa pale ile Ijumaa ya mwezi wa tano walianza kukumbuka nani alibaki mjini wiki ile na nani hakuonekana. Yule mzee wa nyuma, mwenye Ndoo, alisimama, akachukua viatu vyake, akaenda. Wengine wakamfuata.

"Benye Samaki," akasema Amuri.

Mimi ni Samaki. Nilibaki peke yangu ukutani, nikamngoja anipe wiki yangu, na hakuweza kuniangalia.